Propela Iko Uani

Jumatano, 30 Aprili

Leo mimi ndiye mtu mwerevu kuliko wote Mbezi Beach. (Mbezi Beach ya juu, kilimani. Bahari hatuioni, ila anwani ni ileile.) Gari langu limepungua uzito, mshale wa mafuta umetulia, na siri tunaijua wawili tu, mimi na Mfaume, fundi wangu wa Chang'ombe.

Mambo yalianza kwenye kikao cha harusi Jumapili. Loveness, mdogo wa mwisho wa mke wangu, anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi. Ameishi kwetu miaka sita, hivyo atatokea kwetu kwenda kanisani. Swali: gari la nani limbebe? Mimi nimeoa binti wa kwanza, Benedicta. Brightson, mwanyumba wangu, kaoa wa pili, Marietha. Anakaa Kawe na ana gari jeupe la chini linalong'aa kama sahani ya wageni. Nikasimama. Nikawaeleza wajumbe kwamba langu linavuta kwa matairi yote manne, na kwamba mvua ya Mei ikikutana na kile kilima cha udongo tunachopanda toka nyumbani hadi lami, jeupe halifui dafu. Makofi! Brightson akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, eti mafuta linakunywaje. Nikajifanya napokea simu.

Ukweli ni kwamba linakunywa. Mzee Taiyeb, mwenye duka la vipuri aliyeniuzia, hakunificha. Alisema miaka tisa limembeba mkewe Gulbahar, watoto na masufuria ya pilau, wala halijakwama hata siku moja, lakini kila tairi lina mdomo wake. Benedicta naye amechoka kusikia kila siku kwamba tupite kwanza kituo cha mafuta.

Mfaume ndiye aliyenipa dawa: tuifungue propela. Ni chuma kirefu kinachopita chini ya gari kupeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma. Ukikitoa, ya mbele yanavuta, ya nyuma yanafuata tu kama wasindikizaji. Nani atainama kuchungulia? Nembo ya nyuma inabaki palepale. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Propela nimekuja nayo nyumbani maana kwa Mfaume vitu huwa vinaota miguu. Nimeilaza nyuma ya tangi la maji.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi kuliko siku zote za mwaka.

Tumempokea mama mkwe stendi ya mabasi. Kwao mke wangu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye moja kwa moja, na nguo zake hazigusi hata zikiletwa na upepo. Nina miaka kumi na mmoja ndani ya ndoa na mama mkwe namfahamu kwa viatu. Sasa tatizo: akikaa kiti cha nyuma, kioo cha ndani kinamleta mzimamzima mpaka mbele ya pua yangu. Nikakigeuza kitazame dari. Heshima kwanza. Rivasi nikapiga kwa imani, nikapanda juu ya rundo la mananasi la mama mmoja. Ikabidi tuyachukue yote saba. Tumekula nanasi mchana, tumekula nanasi jioni.

Kwa kuwa haongei na mimi, Mama anaongea na gari. Njia nzima. "Wewe gari, polepole, nimepakata mayai." Nikapunguza mwendo. Halafu gari likazima pale kwenye mataa, nikaliwasha tena, na yule mwanamke wa Kijapani wa kwenye dashibodi akasema maneno yake. Mama akataka kujua ni nani huyo asiyeonekana ndani ya gari la mkwewe. Benedicta akamweleza kuwa ni mashine, na kwamba hakuna ajuaye inasema nini. Taiyeb aliwahi kuniambia Bi Gulbahar alikuwa akiijibu alhamdulillah, yakaisha. Mama akaridhika. Akasema angalau huyo anasalimia kila gari linapowashwa, wapo wengine humu hawasalimii.

Nilisalimia! Niliviamkia viatu vyote viwili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeendesha hadi Kawe na kurudi, nikichunguza kwa makini. Usukani: mwepesi. Matuta: tunayaruka kwa adabu. Mlio mpya mmoja, chini katikati, kama mtu anayetafuta kijiko ndani ya droo. Mshale wa mafuta: haujatikisika. Nimemwonyesha Benedicta mara nne, mara ya tano kaniambia nitazame barabara. Nilipita mbele ya nyumba ya Brightson taratibu, kioo wazi, kiwiko nje. Hakuwepo. Nikarudi nikapita tena.

Kisha nikafika nyumbani na furaha yote ikaniishia.

Mama mkwe hufua kila siku, hata kitu alichokivaa saa mbili. Jana nguzo ya kamba ya nguo ilidondoka, imeliwa na mchwa. Leo mafundi walikuwa wakisakafia uani kwa ajili ya wageni, zege likabaki. Benedicta akaangaza macho huku na huku, akaona chuma nyuma ya tangi. Wakachimba shimo, wakakisimamisha, wakafunga waya pale kwenye kiungo kisijikunje, wakamimina zege. Propela yangu! Imesimama uani na kitenge cha mama mkwe kinapepea juu yake.

Benedicta akauliza kile chuma nilikitoa wapi. Nikasema niliokota. Halafu Mama, akiwa jikoni, akasema kwa sauti, akiiambia sufuria, kwamba nguzo hii ni ya maana, nzito, haiyumbi, si kama zile fito za pale kwa Brightson. Miaka kumi na mmoja, hajawahi kusifu kitu changu. Nilisimama nyuma ya mlango nikitabasamu peke yangu. Kusema kweli, sikuwa na moyo wa kuidai tena.

Jumapili, 4 Mei

Ushindi! Tumekwenda kanisani kwa magari mawili, na Mama aliahidi kutoa uamuzi wa mwisho wa gari baada ya misa. Alikwenda na Brightson, akarudi nasi. Jua kali, kilima kikavu, gari likapanda na kushuka kama lina mbawa. Mlangoni akatamka, akilitazama boneti: Loveness atatoka na hili la matairi manne. Padri ana ndoa tatu siku hiyo. Yetu ni saa nne kamili, na anayechelewa anakwenda mwisho wa foleni, saa tisa alasiri. Na yeye hataki binti yake afike madhabahuni na tope, wala afike saa tisa.

Brightson alinipongeza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza ndimu. Nikamwambia asijali, gari lake linaweza kubeba maua.

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri.

Nimejaribu kupanda kilima peke yangu. Theluthi ya kwanza, safi. Theluthi ya pili, matairi ya mbele yakaanza kuzunguka palepale, yakanirushia tope hadi juu ya paa. Ya nyuma yametulia tuli, hayana habari. Kisha gari likaanza kurudi chini lenyewe, taratibu, pamoja na mimi. Mama mwenye genge la nyanya akauliza kulikoni. Nikamwambia napima breki.

Sasa najua wazi: bila propela, Jumamosi hatufiki lami. Lazima niing'oe nguzo.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika nikiwa nimejifungia chooni. Nje wananijadili.

Mpango ulikuwa rahisi. Nisubiri kamba iwe tupu, nichukue sururu, ning'oe, nimwite Mfaume aje aifunge. Lakini kamba haiwi tupu! Mvua inanyesha, nguo hazikauki, Mama anaongeza nyingine. Tangu Jumanne vitenge vyake kumi na viwili viko pale kama wajumbe wa mkutano. Na mimi siruhusiwi kuvigusa.

Leo niliomba ruhusa kazini, masjala, nikasema naumwa mgongo. Benedicta na Loveness walikwenda kujaribu gauni, Mama amepumzika chumbani. Nikachukua mti wa fagio. Nikageuza shingo kando, macho nimefumba, maana hata kuvitazama sina uhakika kama inafaa. Nikaanza kuvisogeza kimoja kimoja. Nilihesabu viwili vizuri. Cha tatu kikang'ang'ania, nikavuta, kamba ikakatika, na vyote kumi na viwili vikalala topeni.

Nini kingine ningefanya? Nikachota maji. Nikachukua sabuni. Nikavifua. Nikavisuuza mara tatu, nikavikamua, nikaunga kamba, nikaanika. Nilikuwa nimekishika cha mwisho kwa mikono miwili, nakikunjua, nikaona viatu. Viatu vya kijani vyenye maua. Vilikuwa vimesimama mlangoni, na sijui vilisimama kwa muda gani.

Vikageuka, vikaingia ndani.

Nimesikia sasa hivi hukumu yake kupitia dirisha la choo. Kamwambia Benedicta kwamba mkwe akifua nguo za mkwewe ni mambo mawili, ama ana kichaa ama ana upendo, na kwamba yeye kwa umri wake hana nguvu ya kushughulika na lolote kati ya hayo. Usiku huu hatakula chakula cha nyumba hii. Faini ni jogoo.

Propela bado iko kwenye zege.

Ijumaa, 9 Mei

Jogoo amepelekwa, amepokelewa. Gari limepambwa kwa riboni. Mvua haijakatika.

Nimempigia Mfaume, nikamweleza yote. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga yeye akasema nisahau ile propela, viungo vyake vimeshanywa zege, haifai tena ila kuanikia. Lakini akanipa siri ya mafundi: gari linalovuta kwa mbele, likishindwa kilima, ligeuze lipande kinyumenyume. Uzito wote unaangukia matairi yanayofanya kazi. Nilijaribu saa kumi na moja jioni, mke wangu akiwa saluni. Limepanda! Lilihema, likayumba, lakini limepanda. Fundi ni fundi tu.

Nikiwa nafuta matope, Loveness akatoka, hina mikononi, akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza, "Shem, kesho litapanda?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa. Brightson angepigiwa simu, gari lake lingesubiri kule juu kwenye lami, mambo yangepangwa mapema. Yule mtoto nimemtoa stendi mwenyewe miaka sita iliyopita, na begi lililofungwa kwa kamba ya katani. Moyo uliniuma, nasema kweli.

"Litapanda," nikamjibu.

Sikumdanganya. Sikusema tu litatangulia upande gani.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike yote kabla hawajaanza kuyasimulia wao.

Saa tatu na nusu. Mvua. Kilima kimekuwa uji. Brightson hakuthubutu kushuka, kaliacha jeupe lake juu kwenye lami na Marietha ndani, yeye kaja kwa miguu, suruali kaikunja. Nilimcheka mbele ya watu, kwa sauti.

Loveness katoka, mweupe kama pamba, kaingia nyuma, Mama mkwe pembeni yake. Nikaligeuza gari, mgongo ukaelekea kilimani. Minong'ono. Nikashusha kioo nikatangaza kwamba kwetu bibi harusi haipi kisogo nyumba iliyomlea, hutoka akiitazama mpaka ipotee machoni. Ndugu zangu walikuwa bado hawajafika, kwa hiyo hakuna wa kunipinga. Wanawake wakaguswa. Vigelegele! Mpiga video akapiga magoti topeni apate picha nzuri. Nilijiamini kuwa nina akili nyingi mno.

Kisha nikashika usukani nikakumbuka. Kupanda kinyumenyume lazima utazame nyuma. Nyuma amekaa mama mkwe.

Kioo cha ndani, ni yeye. Nikigeuza shingo, ni yeye, karibu zaidi. Mama mwenyewe akaliona tatizo, akajifunika kitenge kichwa kizima ili nipate kutazama. Nikatazama. Shela la Loveness limejaa dirisha lote la nyuma, sioni hata mti. Vioo vya pembeni ni matope matupu. Basi Mama akajifunua, akapiga magoti kwenye kiti, akatazama nje kwa nyuma, akaanza kuliongoza gari. "Wewe gari, twende. Twende. Usiogope." Nikawasha, yule Mjapani naye akasema lake. Mama akamwambia anyamaze, mwanamke mmoja anatosha.

Na tulipanda! Theluthi ya kwanza. Ya pili. Umati unatufuata kwa miamvuli. Naiona lami kwa mawazo. Mama akasema, "Kulia, gari. Kulia." Nikakata kulia. Akasema kulia zaidi. Nikakata zaidi. Akapaza sauti kwamba kulia, kulia ya kulia chakula, na mimi nikakata yote iliyobaki. Sikuzingatia kwamba yeye kageukia nyuma, na kulia kwake ni kushoto kwangu. Tairi la nyuma likaingia mtaroni. Gari likakingama katikati ya kilima, likaziba njia yote.

Saa nne kasorobo.

Wanaume walisukuma. Halikujibu. Mzee Taiyeb, tuliyemwalika, alikuwa ameshuka toka juu na mwamvuli wake mweusi. Akashangaa. Akasema gari hili halijawahi kukwama, amelitumia yeye na familia yake miaka tisa, mafuriko mangapi. Akainama kuchungulia chini. Akakaa chini ya lile gari muda mrefu sana kwa mtu wa umri wake. Kisha akainuka.

"Bwana Adelard, propela iko wapi?"

Nikatazama usukani. Benedicta akauliza propela ni kitu gani. Mzee akamweleza, kwa mikono: chuma, kirefu hivi, kinene hivi, kina kiungo katikati. Nikamwona mke wangu anawaza. Nikaona anafika.

"Iko uani," akasema. "Tumeanikia nguo za mama."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Ndani ya gari Loveness akaanza kulia kimyakimya, wanja unashuka, na nikajisikia mdogo kuliko siku zote za maisha yangu.

Ni Mama mkwe aliyefungua mlango. Akaagiza vitenge vyake vya kambani vije vyote. Vimeshalowa, alisema, havina cha kupoteza. Wakavitandika juu ya tope, kimoja mbele ya kingine, kumi na viwili, na akina mama wengine wakaongeza vyao. Loveness akashuka. Akavikanyaga kimoja kimoja, miamvuli minne juu yake, na vya nyuma viliokotwa vikapelekwa mbele, mpaka lami. Vigelegele vilisikika hadi kwa mwenye genge. Hakuna tone lililomgusa. Akaingia kwenye gari jeupe la Brightson. Saa nne kasoro dakika nne, na toka hapo kanisa ni dakika tatu.

Nilibaki nimesimama kando ya mtaro. Mama mkwe akaja mbele yangu. Nikainamisha macho nitazame viatu vyake kama kawaida, navyo havikuwepo, alikuwa amevivua kwa sababu ya tope. Sikuwa na pa kutazama. Nikainua kichwa.

Ana uso wa Loveness. Miaka kumi na mmoja sikujua.

"Adelard," akaniambia, mimi, si gari. "Vile vitenge ulivifua vikatakata." Kisha akapanda kilima kuwahi misa.

Nililia kidogo. Ilikuwa mvua, hakuna aliyejua.

Jumatatu, 12 Mei

Gari limetolewa mtaroni kwa trekta. Mwenye genge amekuja kuniuliza kwa heshima kama naweza kumtoa na binti yake Agosti kwa ile mila yetu ya kinyumenyume, maana watu wameipenda. Nimesema nitaangalia ratiba.

Benedicta ameniapisha. Propela nyingine itatafutwa kwa Mzee Taiyeb, itafungwa, na sitagusa tena chochote chini ya gari lile. Nimeapa, mkono juu. Nilimaanisha. Nilijisikia mtu mpya mpaka saa nane mchana.

Saa nane tukampeleka Mama Kawe, akakae wiki moja na Marietha. Na nimeona nini uani? Nguzo mbili! Mpya, za bomba, kila ncha ya kamba na yake, zimepakwa rangi ya fedha. Brightson amesimama katikati yake, mikono kiunoni, anatabasamu. Mama akaishika moja, akaitikisa, akaliambia beseni kwamba mtu mwenye akili huweka nguzo pande zote mbili.

Kwangu ipo moja. Upande wa pili kamba imefungwa kwenye mpapai.

Nimempigia Mfaume. Nimemuuliza ni nini kingine pale chini ni kirefu, kimenyooka, na gari linaweza kutembea bila hicho. Kafikiri kidogo. Kasema ipo ekzosi, lile bomba la moshi. Gari litatembea kama kawaida, litapiga kelele tu.

Kelele hazinisumbui. Kesho asubuhi nipo Chang'ombe. Na saruji ya juzijuzi imebaki nusu mfuko.